Je, Wajua? Saa Ambazo Farasi Hapandwi

Je, wajua kwamba farasi hatapiki? Mlango wa juu wa tumbo lake umebana mno, na kilichoingia hakirudi. Chakula kikimkwama au kikimjaza gesi, njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni ndefu: utumbo mwembamba peke yake una mita 20 hivi. Ndiyo maana msokoto wa tumbo, ambao kwa binadamu huenda ukapita na usingizi wa usiku mmoja, huua farasi. Saisi mzoefu akimwona farasi anaparapara ardhi, anageuza shingo kutazama ubavu wake mwenyewe na kuacha chakula, hangoji kupambazuke. Anampigia simu daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Daktari akiwa njiani, saisi huyo hubandika sikio kwenye ubavu wa farasi, nyuma ya mbavu ya mwisho, akasikiliza. Kushoto, kisha kulia. Juu, kisha chini. Utumbo wenye afya haukomi kunguruma na kububujika. Kimya ndicho kinachotisha, na jambo la kwanza analouliza daktari akifika ni hilo: unasikia nini?

Wengi wakitembelea zizi la kujifunzia kupanda farasi hutazama uwanja wa mazoezi, vizuizi vilivyopakwa rangi na matandiko yanayong'aa. Hayo ni mambo ya saa moja au mbili kwa siku. Mimi nataka kujua farasi anaishije zile saa 22 au 23 zilizobaki, ambazo hana mtu mgongoni.

Je, wajua kwamba tumbo la mnyama huyu mkubwa ni dogo? Farasi wa kilo 500 ana tumbo la lita 8 hadi 15 tu. Limeumbwa kupokea kidogo kidogo, siku nzima; farasi aliye huru malishoni hula kwa saa 16 hivi kati ya 24. Asidi humiminika tumboni muda wote, awe anakula au hali, lakini mate yanayoipooza hutoka pale tu anapotafuna. Sasa chukua zizi linalompa chakula saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, basi. Kutwa nzima asidi inachoma tumbo tupu, vidonda vinaanza, na farasi anapata tabia ya kung'ata mbao za mlango au kuyumba huku na huko kama aliyepagawa. Kisha anaitwa mkorofi, wakati kosa ni la ratiba ya chakula.

Dawa yake inajulikana, wala si ghali. Majani kwanza, nafaka baadaye na kwa kiasi. Majani makavu yasipungue asilimia 1.5 ya uzito wa farasi kwa siku, na mengi zaidi ya hapo ni bora. Kwa farasi wa kilo 500 hiyo ni kilo 7.5, yaani nusu ya robota la kilo 15 la nyasi za Boma Rhodes wanazonunua wafugaji wengi wa Kenya. Ukitaka yadumu muda mrefu, yatie kwenye wavu wenye matundu madogo.

Maji? Lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi kwenye joto. Ndoo iliyojaa saa kumi na mbili jioni na bado imejaa alfajiri ni habari mbaya.

Je, wajua kwamba meno ya farasi huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa mwaka? Porini nyasi ngumu zenye vumbi huyasaga. Zizini, kwa chakula laini, hayasagiki sawasawa, na kingo zake huwa kali kama wembe zikachana mashavu na ulimi. Farasi wa namna hiyo hudondosha vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu, au hurusha kichwa juu kila mpandaji anapovuta hatamu. Mwalimu asiyejua atabadilisha lijamu iwe kali zaidi. Mwalimu anayejua atamwita daktari aje na tupa. Katika vituo makini kazi hii hufanywa angalau mara moja kwa mwaka.

Tukiwa bado kichwani: farasi hupumua kwa pua tu. Mdomo haumsaidii hata akipiga shoti, na katika mwendo huo kila hatua moja ndefu huenda na pumzi moja. Kwa hiyo vumbi la nyasi na harufu kali ya mkojo, ambayo ni amonia, vinaingia moja kwa moja kwenye mapafu yanayotegemewa kumbeba yeye na mtu mgongoni. Fanya jaribio hili: chuchumaa ndani ya banda, pua yako ifike pale pua ya farasi inapofika akila chini au akilala. Macho yakikuwasha, matandazo hayajabadilishwa vizuri, hata kama ukumbi wa wageni unanukia.

Chama cha farasi cha Uingereza, British Horse Society, hupendekeza chumba cha mita 3.65 kwa 3.65 kwa farasi wa kawaida, ili aweze kujigeuza, kulala na kuinuka bila kukwama ukutani. Farasi mmoja hutoa kilo 20 na kitu za kinyesi kwa siku. Zizi la farasi kumi lina tani na zaidi ya kuzoa kila wiki. Kazi hiyo haipigwi picha, na ndiyo inayookoa mapafu na kwato.

Je, wajua kwamba farasi husinzia amesimama, lakini usingizi mzito haupati mpaka alale chini? Mishipa na kano za miguu yake hujifunga zenyewe zikambeba bila juhudi. Hata hivyo, usingizi ule wa ndoto, ambao ni kama nusu saa tu kwa siku, humlegeza misuli yote; lazima alale. Naye halali chini asipojiona salama. Katika kundi, mmoja husimama macho wengine wakilala. Farasi anayefungwa peke yake, asikoona mwenzake, anaweza kukesha siku nyingi na mwishowe akapiga magoti akiwa amesimama, akajeruhi viungo vya mbele. Kwa sababu hiyo kuta kati ya chumba na chumba zinafaa kuwa na nondo au uwazi sehemu ya juu, wenyewe waonane na wanusane.

Ili banda lipate hewa safi, hushauriwa madirisha yaachwe wazi, lakini kuna mahali pamoja ambapo ushauri huo unahitaji tahadhari, nako ni kwetu. Kuna ugonjwa hatari wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma kuanzia machweo hadi mapambazuko. Farasi asiye na kinga akiambukizwa aina kali, uwezekano wa kufa unaweza kupita asilimia 90. Pundamilia huubeba bila kuugua. Mwaka 1854 na 1855 uliua karibu farasi 70,000 katika eneo la Cape, Afrika Kusini. Mwaka 2020 ulizuka Thailand, mbali kabisa na bara hili, na wenye farasi wakakimbilia kufunika mazizi yao kwa vyandarua. Huku Afrika, zizi zuri huwaingiza farasi kabla jua halijazama, huweka wavu wenye matundu madogo sana madirishani ili hewa ipite na usubi ubaki nje, na huchanja kwa wakati.

Na mbung'o je? Huyo ndiye aliyeandika historia ya usafiri wa Afrika Mashariki. Vimelea anavyoeneza viliwaua farasi, punda na ng'ombe wa mizigo, na ndiyo sababu kubwa iliyofanya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji itembee kwa miguu ya wapagazi, pembe na vitambaa vikiwa mabegani mwa watu. Farasi walidumu visiwani na kwenye nyanda za baridi. Nairobi mbio za farasi zina zaidi ya karne moja, na mpaka leo mazizi mengi ya mjini humo yako pande za Karen na Langata.

Je, wajua kwamba farasi husimama juu ya kidole kimoja kwa kila mguu? Kwato ni ukucha wa kidole cha kati, uliokua ukazunguka mfupa. Hukua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, kwa hiyo fundi wa kwato anahitajika kila wiki 6 hadi 8, farasi awe amevaa chuma au hajavaa.

Itazame kazi ya asubuhi kwa karibu. Saisi anasimama begani, uso wake ukielekea mkiani. Anatelezesha mkono polepole kutoka begani hadi chini nyuma ya mguu, anaminya kidogo juu ya kifundo, na farasi aliyefundishwa anauinua mwenyewe. Kwa kijichuma chenye ncha iliyopinda anakwangua kutoka kisiginoni kwenda mbele, asije akachoma ile nyama laini ya pembetatu iliyo katikati ya unyayo. Anatoa tope, kinyesi, kokoto. Kisha ananusa. Harufu ya uozo na majimaji meusi maana yake banda ni bichi. Anagusa ukuta wa kwato kwa kiganja: ukiwa na moto kuliko wa miguu mingine, farasi hatoki leo, kwa sababu huenda ndani kuna uvimbe. Dakika tano kwa miguu yote minne. Zizi ambalo wanafunzi wa kupanda hawafundishwi hatua hii, wanaletewa tu farasi aliyekwisha kutandikwa, linawafundisha nusu ya kazi.

Na msumari usisahauliwe. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshambuliwa kirahisi zaidi na pepopunda, na kidonda kidogo cha unyayo kinatosha. Chanjo ipo.

Je, wajua kwamba katika karne ya 13 kulikuwa na biashara kubwa ya farasi katika bahari hii yetu ya Hindi, na wengi wao walikufa kwa kukosa mtu wa kuwatunza? Marco Polo alieleza kwamba wafalme wa kusini mwa India walinunua farasi kwa maelfu kila mwaka kutoka Hormuz, Dhofar na Aden kwa bei kubwa ya dhahabu, na mwaka ulipokwisha wachache mno walikuwa hai. Walilishwa wali na nyama iliyopikwa. Mafundi wa kwato hawakuwepo. Marco Polo aliongeza kwamba wauzaji hawakutaka mafundi hao waende huko, kwa kuwa kila farasi aliyekufa alileta mteja wa mwaka unaofuata. Ibn Battuta naye, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alitaja farasi wazuri waliosafirishwa kutoka Dhofar kwenda India.

Farasi wa Sultani wetu wa Zanzibar walisafiri mbali zaidi. Aprili 1840 meli Sultana ya Seyyid Said ilitia nanga New York, balozi wake akiwa Ahmad bin Naaman, na miongoni mwa zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kuwachukua. Wakauzwa, fedha zikaingia hazina ya taifa. Nyumbani Unguja, Salme, binti wa Seyyid Said, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda farasi tangu wakiwa wadogo, wasichana kwa wavulana. Ustadi huo ungali hai Oman, alikotoka Seyyid Said: mwaka 2018 UNESCO iliweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika maonyesho ya ardha ya farasi na ngamia, ambamo wapandaji hukimbiza farasi wawili sambamba huku wameshikana mikono.

Je, wajua kwamba macho ya farasi ni makubwa kuliko ya karibu kila mnyama wa nchi kavu? Yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote kwa pamoja. Asipoona ni mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Mfikie kutoka upande wa bega, mtamkie neno kabla ya kumgusa, na usipite nyuma yake kimyakimya. Nyekundu na rangi ya chungwa hazitofautishi vizuri na kijani cha majani. Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipolionyesha hilo, wasimamizi wa mbio waliamua kuondoa rangi ya chungwa kwenye vizuizi vya kuruka na kuweka nyeupe, wakaanza mwaka 2022. Kwa miaka mingi rangi ya chungwa ilikuwa imechaguliwa kwa macho ya wapandaji.

Naye anakusoma uso. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliwaonyesha farasi picha za watu wasiowajua, wenye hasira na wenye furaha. Kwa uso wa hasira, mapigo ya moyo yalipanda upesi zaidi, na farasi waliitazama picha kwa jicho la kushoto, kama wafanyavyo wakiona kitu cha hatari.

Kisa cha Hans kinalithibitisha vizuri zaidi. Huyu alikuwa farasi wa mwalimu mmoja wa Berlin, Wilhelm von Osten, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliulizwa hesabu, akajibu kwa kugonga kwato: tatu na nne, akagonga saba. Watu walifurika. Oskar Pfungst alichunguza na mwaka 1907 akatoa jibu: Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akitazama muulizaji. Mgongo ulivyojikaza jibu likikaribia, kichwa kilivyoinuka kwa kiasi kidogo mno jibu likifika, Hans aliviona na akasimamisha mguu. Muulizaji asiyejua jibu hakupata jibu. Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama cha udanganyifu uliofichuliwa. Kwangu ni sifa kubwa kuliko hesabu: mnyama anayeona dalili ambazo mwenyewe hujui kuwa unazitoa. Mkiwa wawili uwanjani, wewe umeogopa na kusema umetulia, yeye ameshajua.

Mgiriki Xenophon alilijua hilo mnamo karne ya 4 kabla ya Kristo. Katika kitabu chake cha upandaji farasi alionya mtu asimwendee farasi akiwa na hasira, akataka pia farasi afugwe mahali ambapo mwenyewe atamwona mara kwa mara, na ua uwekewe mawe ya mviringo ili kwato zikomae. Zaidi ya miaka 2,300 imepita na maneno hayo bado yangefaa kubandikwa mlangoni.

Je, wajua kwamba katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi ya Vienna mwanafunzi hufundishwa kwa muda mrefu akiwa juu ya farasi bila hatamu wala vikuku vya kukanyagia? Mwalimu hushika kamba ndefu na farasi huzunguka, mwanafunzi akitafuta mizani kwa nyonga na mapaja. Mpaka mikono yake iache kutafuta pa kujishikilia, hapewi hatamu, kwa kuwa anayejishikilia kwa hatamu anauning'iniza uzito wake kwenye mdomo wa farasi. Safari ya kuwa mpandaji kamili huchukua miaka 8 hadi 12, na humo mwanafunzi huhudumia farasi na matandiko pia. Ukumbi wao ulikamilika mwaka 1735. Farasi wenyewe, Lipizzaner, wengi huzaliwa weusi au wa kahawia na kuwa weupe wakifika miaka 6 hadi 10. Wanawake walianza kukubaliwa mwaka 2008, kuchelewa kwingi mno kwa mchezo ambao kwenye Olimpiki wanawake na wanaume hushindana pamoja, bila kutenganishwa.

Lis Hartel wa Denmark alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kushindana hivyo na wanaume kwenye Olimpiki. Polio ilimwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Alihitaji msaada kupanda na kushuka. Huko Helsinki mwaka 1952 alipata medali ya fedha, na mwaka 1956 akaipata tena. Ushindi wake uliipa nguvu kazi ya kutumia farasi kuwasaidia wenye ulemavu, ambayo leo ina vituo katika nchi nyingi.

Kwa mzazi anayetafuta kituo cha mtoto wake: tazama mgongo wa farasi pale tandiko linapokaa. Vidoa vya manyoya meupe pande mbili za uti, kwenye farasi wa rangi nyingine, mara nyingi ni makovu ya tandiko lililombana. Uliza uzito wa juu wa mpandaji; vituo vingi makini hukadiria kwamba mtu na tandiko lake wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Tazama pia anavyopongezwa. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kumkuna farasi chini ya shingo, karibu na mabega, pale wenzake wanapomkuna kwa meno, hupunguza mapigo ya moyo wake. Kile kibao cha shingoni alichozoea kupewa akishinda kinampendeza zaidi anayekitoa.

Je, wajua kwamba farasi wanaweza kukuambia kama wanataka blanketi? Mwaka 2016 watafiti wa Norway waliwafundisha farasi 23 kugusa ubao kwa pua: alama moja ina maana nivishe, nyingine nivue, nyingine niache hivihivi. Wote walijifunza. Siku za mvua na baridi waliomba kuvishwa, siku za jua waliomba kuvuliwa.

Farasi huishi miaka 25 hadi 30. Old Billy, aliyevuta mashua za mfereji huko Uingereza, alizaliwa mwaka 1760 na kufa mwaka 1822, miaka 62, na fuvu lake lipo katika makumbusho ya Manchester. Farasi wa kufundishia wapandaji wanaoanza kwa kawaida huchoka kazi akiwa na miaka 20 hivi, akiwa bado na miaka kadhaa ya kula, kutunzwa kwato na kuchanjwa, bila kuingiza hata shilingi. Kwa hiyo ukifika zizini, baada ya kuonyeshwa uwanja na matandiko, omba uonyeshwe wazee wako wapi.